Tepu ya Mbagala

Keko Magurumbasi, Temeke
Dar es Salaam
9 Septemba 1973

Mwanangu Kornelio,

Mie na mdogo wako Yuliana wazima, na nyumba ipo pale pale ulipoiacha. Kama nawe umefika huko Leipzig na baridi haijakugeuza kuni, basi kalamu yangu naiachia iende.

Habari ya kwanza, hapa Keko sina tena jina langu. Nilikuwa Mauwa wa vitumbua, nikawa mjane wa fundi Anselmo, na tangu ndege yako iruke naitwa Mama Ulaya. Mafundi seremala wanaokunywa uji kwangu asubuhi wananiuliza, "Mama Ulaya, mwanao kafika wapi?" Nawajibu kafika kwenye mkutano wa mafundi wa kunasa sauti, nchi ishirini na mbili, na Tanzania nzima kaitwa mmoja. Kuna mmoja akasema, "Sauti ni kanga wa porini mpaka inaswe?" Nikamwambia wewe piga randa mbao zako, ya waliosoma yaache. Uji wake nikamchotea wa chini ya sufuria, ulioungua.

Hata Mzee Leodegar, mjumbe wetu wa nyumba kumi, yule karani wa Bukoba asiyesalimia mtu kabla ya chai, alinisimamisha njiani. "Bi Mauwa, kijana wako analiwakilisha taifa." Nikamjibu najua, nilimzaa mwenyewe.

Sasa la pili, na hili lisome ukiwa peke yako.

Nakukumbusha tulivyopatana juu ya ile tepu, maana safari husahaulisha. Uliponiambia kila fundi apeleke sauti aliyoinasa mwenyewe, sauti ambayo wenzake hawajawahi kuisikia, na wakubwa wako kazini wanataka upeleke muziki wa bendi, mie ndiye niliyesema bendi kila nchi inazo. Mie ndiye niliyesema mwezi wa nane tunawacheza unyago wali wanne kule Mbagala, Yuliana wetu mmoja wao, na kungwi anayeongoza nyimbo ni mama yako. Toka Newala mpaka hapa hakuna anayeongoza kama mie, na sijisemi, wanasema waliokuwapo. Nilitaka sauti hii ifike Ulaya kabla meno hayajaisha. Nikaificha mashine ndani ya kikapu cha unga, nikaifunika kanga, nikabonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja kama ulivyonifundisha. Wenzangu hawakujua na hawajui. Bi Chausiku mwenyewe, mkubwa wa makungwi wote wa kwetu hapa mjini, alikaa hatua mbili kutoka kwenye kikapu akaniomba unga. Nikamwambia umeingia wadudu.

Unajua wewe ni mtu mzima: ya unyago mwanamume hayasikii, na kaka ndiyo kabisa. Mwali ambaye kaka yake kayasikia, kwetu huhesabiwa hakuchezwa. Hakuna mwanamke atakayesimama naye harusini, wala uzazini, wala msibani. Lakini niliyapima nikaona hivi: Wazungu hawajui Kimakonde, na asiyejua maneno hajasikia kitu, kasikia kelele tu. Na wewe uliniahidi. Sauti yangu uliipima hapa nyumbani kwa wimbo wa kutwanga, ukaiweka mashine sawa, ukasema ile tepu yenyewe utatazama mshale wa mashine unavyocheza, masikio umeyaziba kwa pamba. Na huko ukumbini ikipigwa, utatoka nje. Ndivyo tulivyopatana.

Kula ushibe. Chakula cha watu hakina aibu.

Mama yako mzazi,
Mauwa binti Likonde


Leipzig
22 Septemba 1973

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeipata jana, nikaisoma mara tatu. Ya yule fundi na uji wa chini ya sufuria nilimtafsiria mwenzangu wa chumbani, Mhungari, akacheka mpaka akakaa kitandani.

Mama, nimefika mahali ambapo sikujua kama papo. Watu hawa ni wagonjwa wa ugonjwa wangu. Kuna walioshindana tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana juu ya mahali pa kuweka maikrofoni mbele ya kinanda, shibiri moja mbele au shibiri moja nyuma, na mmoja akakasirika akaacha supu. Huyo Mhungari wangu kanasa vyura ndani ya kisima. Mzee mmoja kaja kwa nauli yake, hana cheo chochote, kazi yake ni kuzunguka na mashine kwenye baiskeli kunasa kengele za makanisa ya wilaya yao kabla hazijayeyushwa. Nyumbani nikisema kazi yangu watu husema, aa, wewe ndiye unayebeba nyaya. Hapa niliposema, mtu alivuta kiti akaniuliza natumia tepu ya upana gani.

Yetu ilipigwa Alhamisi. Walipoiweka nilitoka nje, kama tulivyopatana. Nilisimama kwenye korido penye makoti yao. Ni dakika kumi na moja. Mlango ulipofunguliwa nilikuta watu wamesimama, na mwenyekiti akaniuliza anayeongoza ni nani. Nikamwambia ni mama yangu. Akaliandika jina lako kwenye daftari lake, Mama, akaniomba nimtajie herufi moja moja.

Wameniomba nibaki mpaka katikati ya Novemba nijifunze kwenye studio yao, na nikitaka naweza kuongeza mwaka mzima. Mwaka siutaki, nitarudi Novemba.

Jambo jingine. Desturi ya mkutano huu, kila tepu inayopigwa wenyeji wanabaki na nakala. Na redio ya huku ina idhaa ya Kiswahili. Walinihoji, na mahojiano yatatoka Jumamosi tarehe 6 Oktoba, saa moja na nusu jioni kwa saa za nyumbani, kwenye masafa mafupi. Mzee Leodegar atajua kuitafuta. Nilieleza habari za Keko, nikamtaja marehemu baba na randa yake. Waambie watu wasikilize.

Msalimie Yuliana, asome, mtihani uko karibu.

Mwanao,
Kornelio Anselmo


Keko
Ijumaa, 5 Oktoba 1973

Mwanangu Kornelio,

Hii ni fupi, nina mbaazi jikoni na leo ni siku ya tisa ya mfungo, sina nguvu za maneno mengi.

Mwenyekiti kaandika jina langu. Herufi moja moja. Nimelisema hilo kwa Wamakonde, kwa Wazaramo, na kwa yule Mhaya wetu. Yuliana kaniambia, "Mama, umeshawaambia hao." Nikamwambia watasikia tena, habari njema haichachi.

Kesho nafuturisha. Nimealika nyumba kumi zote, Waislamu wafuturu na Wakristo wale, mwanangu ana baba Mkristo na mama Mwislamu, kwangu hakuna mgeni. Mzee Leodegar analeta redio yake kubwa ya betri sita. Leo aliijaribu, ile idhaa kaipata, inavuma kidogo lakini maneno yanasikika. Wamama wote wa wale wali wengine watatu wanakuja na waume zao. Bi Chausiku nimemtumia nauli aje kutoka Bunju. Alikuwa hataki, anasema magoti. Nikamwambia magoti utayauguza Jumapili, Jumamosi njoo umsikie mwanangu akizungumza kutoka Ulaya.

Nitaweka redio juu ya meza aliyoitengeneza baba yako. Nitakaa karibu nayo mwenyewe, ikififia niiongeze.

Mama yako,
Mauwa


Keko
8 Oktoba 1973

Mwanangu Kornelio,

Salamu nyingi. Sie wazima.

Ile redio tuliisikiliza. Ilikuwa na mikwaruzo sana, hatukusikia vizuri. Sauti yako tuliitambua, ulizungumza kama mtu mzima, watu wakapiga makofi. Baadaye mawimbi yakaingiliana na yakapotea. Watu walikula wakaenda kwao.

Hizo nakala za tepu waombe wakurudishie. Waambie ya kwenu unaihitaji kazini. Na yako mwenyewe ifungie ndani ya sanduku, usimpigie mtu, hata huyo wa vyura.

Wiki hii sijapika vitumbua. Mfungo, watu hawali mchana. Usiwe na wasiwasi.

Mama yako,
Mauwa


Keko
11 Oktoba 1973

Kaka Kornelio, shikamoo.

Mama hajui kama nakuandikia. Stempu kanipa mke wa Mzee Leodegar.

Najua kakuambia mikwaruzo. Haikuwa na mikwaruzo. Siku ile redio ilikuwa safi kuliko siku zote.

Ilianza kwa sauti yako, ukataja jina lako na Keko na baba, watu wakapiga makofi, Mama akasema "Nyamazeni nyie" na yeye ndiye aliyekuwa anaongea. Halafu mtangazaji akasema, sasa tusikilize kidogo alichotuletea ndugu yetu. Ikatoka ngoma, kisha akatoka Mama. Nilimjua kabla hajamaliza neno la kwanza. Kila mwanamke wa kwetu aliyekuwa pale uani alimjua, na alijua wimbo, na alijua siku. Wanaume walikuwa na vikombe vya uji wa futari mkononi. Wa kwetu waliinuka mmoja mmoja wakatoka wakitazama chini, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kumbe kuna mtu. Mzee Leodegar maskini, yeye si wa kwetu, akasema, "Safi kabisa hii, ni ngoma ya mavuno?"

Mama alikuwa karibu na redio kuliko wote, Kaka, na hakuizima. Alisimama mkono uko kwenye kile kitufe cha kuongezea. Watu wanasema aliduwaa. Mimi nilikuwa namwona usoni. Alikuwa anajisikiliza.

Aliyeizima ni Bi Chausiku. Aligeuza redio akafungua nyuma akatoa betri, zote sita, akazipanga mezani. Akachukua kanga yake akaondoka na futari yake haijaguswa.

Tangu siku ile hakuna anayenunua kwetu. Vitumbua tulipika Jumatatu tukala wenyewe mpaka Jumatano. Wale wasichana watatu tuliochezwa pamoja hawaniitiki njiani. Mmoja aliniambia, "Mama yako katuuza kwa Wazungu." Jumamosi ya wiki ijayo makungwi wanakaa Bunju. Hatujui wataamua nini.

Sikuulizi kitu, Kaka. Nakueleza tu ili usirudi hapa unacheka.

Mdogo wako,
Yuliana


Keko
21 Oktoba 1973

Mwanangu Kornelio,

Najua Yuliana kakuandikia, kaniambia mwenyewe juzi, machozi yanamtoka. Sikumpiga. Basi nami sasa nitakueleza, maana nina la kueleza: mama yako kashinda.

Jana nilikwenda Bunju na Yuliana. Tulikuta wanawake kumi na mmoja kwenye mkeka, Bi Chausiku katikati, miguu kainyoosha kwa yale magoti. Hawakutukaribisha maji, lakini ni mfungo, nikajifanya ni kwa sababu hiyo.

Wakanisomea makosa yangu. Walisema nimeliingiza shetani la mashine kwenye kikapu cha unga, nimewavua nguo watoto wa watu. Niliwaacha waseme mpaka wakachoka. Bi Chausiku ndiye aliyetuliza. Akasema waliosikia uani walisikia kipande, tena bila kutaka, hilo kuku na maji vitalisafisha. Wazungu walisikia kelele tu, alikubali hesabu yangu. Nikaona kumbe nilipima sawa. Akasema, "Linalobaki ni moja. Tepu yote aliishika kaka wa mwali. Kasikia?"

Nikasema hajasikia.

"Una hakika gani?"

Nikasema namjua niliyemzaa. Kaziba masikio kwa pamba akatazama mshale, na Ulaya kasimama nje kwenye makoti yao, barua ninayo. Nikaitoa, Yuliana akaisoma. Iliposomwa pale pa makoti, wanawake wawili walilia, Kornelio. Mmoja akasema, "Kalelewa huyo." Nikasema ndiyo.

Bi Chausiku akasema, "Utaapa?"

Nikaapa. Nilishika msahafu nikiwa na funga yangu kinywani, nikamtaja Anselmo kaburini kwake. Nikasema kama mwanangu kasikia, basi asinizike yeye. Hakuna pale aliyewahi kukiweka kiapo mahali pazito namna ile. Mie nilikiweka kwa sababu hakikuwa na uzito kwangu, ukweli huwa mwepesi kuubeba.

Basi ikaisha. Yuliana na wenzake watatu wamehesabiwa wamechezwa, na palepale wakamwita wakampaka mafuta kichwani. Ungeuona uso wake. Mie ukungwi wameninyang'anya. Sitaongoza tena, wala sitaingia ndani hata siku ya mjukuu wangu. Sawa. Nimeimba miaka ishirini na sita na mara ya mwisho nimesikika Ulaya, nani mwingine wa kusema hivyo.

Moja tu. Bi Chausiku anataka nawe ukirudi ufike Bunju kabla hujafika nyumbani, umtazame usoni, uape kwa mdomo wako. Ni jambo la dakika mbili. Tutakwenda wote, nitakushonea kanzu, ingawa wewe ni wa dini ya baba yako.

Mama yako,
Mauwa binti Likonde


Leipzig
24 Oktoba 1973

Mama, shikamoo.

Barua ya Yuliana imefika jana. Usimkemee.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Nasikia makungwi walikuwa wakae Jumamosi iliyopita. Sijui walisema nini, na sijui kama barua hii itakuwahi kabla hujasema lako. Ninaloogopa ni kwamba utalisimamia neno langu mbele ya watu. Usilisimamie, Mama.

Nilisikiliza.

Pamba nilijaribu. Siku ile ile uliporudi na kikapu nilikaa nyuma ya nyumba nikaziba masikio nikatazama mshale. Lakini mwanzo wa ile tepu kulikuwa na kelele za kikapu na watu wanaamkiana, na katikati kuna mahali unga uliingia kwenye gurudumu sauti ikayumba. Sehemu hizo zilikuwa lazima zikatwe kwa wembe na tepu iungwe. Pa kukatia hapaonekani kwa macho. Panasikika. Nilitoa pamba nikasema nitasikiliza nukta moja, nipate pa kukata.

Nilisikiliza yote. Kisha nikairudisha nikasikiliza tena, na mara ya pili hapakuwa na cha kukata. Miaka yote nimenasa sauti za watu wa mikoa yote, nimebeba nyaya mpaka Kigoma, na sikujua kwamba ile niliyokuwa naitafuta inaniambia kila siku nikachote maji. Nilimsikia na Yuliana akijibu. Sauti yake ilitetemeka na wewe ukaishika ukaipeleka. Nilielewa kila neno. Kimakonde ulinifundisha wewe.

Na kwenye makoti sikusimama. Mashine ya pale ukumbini nilikuwa naiendesha mimi mwenyewe. Nilikuandikia yale kwa sababu nilijua ndiyo unayotaka kusikia, na kwa sababu nilipenda ningekuwa mtu wa namna hiyo.

Nitarudi tarehe 16 Novemba. Nitakwenda Bunju peke yangu nikapige magoti mbele ya Bi Chausiku, nimwambie kosa ni langu, Yuliana hakufanya kitu na wewe ulidanganywa. Watanihukumu mimi. Naomba unisamehe.

Mwanao,
Kornelio


Keko
6 Novemba 1973

Mwanangu Kornelio,

Idi tumeimaliza vizuri. Yuliana kashona gauni la rangi ya kijani, na wale wenzake watatu walimpitia asubuhi wakaenda viwanjani pamoja, wameshikana mikono barabara nzima mpaka magari yanapiga honi. Vitumbua vinanunuliwa. Yule wa uji ulioungua karudi, anasema nimemkosesha raha ya asubuhi.

Mara ya mwisho kupata barua yako ni ile ya Septemba, ya mwenyekiti na makoti. Kama uliandika nyingine baada ya hiyo, haikufika. Njia ni ndefu, vitu hudondoka. Usijisumbue kuiandika upya. Yaliyodondoka yamedondoka.

Nimekaa nimefikiri habari ya ule mwaka mmoja waliotaka kukuongezea. Ukasema huutaki. Mie nasema utake. Mwaka ukiisha waombe mwingine. Kijana mwenye masikio kama yako arudi Keko kubeba nyaya, kwa nini? Wamekuona wenyewe. Mzee Leodegar nimeshamwambia kwamba wamekuzuia, kwamba wakubwa wa huko wamesema huyu haondoki. Kafurahi, kasema taifa litafaidika baadaye. Mafundi nao nimewaambia. Imeshakuwa habari ya Keko nzima, sasa hata ukitaka kurudi utanitia aibu.

Tarehe 16 usipande ndege.

Bi Chausiku mzima, magoti yale yale. Anakuulizia. Kila mtu wa Bunju akija mjini ananiletea salamu zake na swali lake, lini. Nawaambia bado. Ni mzee yule, lakini si wa kufa kesho, na akimtazama mtu usoni anamsoma kama barua. Na wewe uongo wa uso kwa uso huujui. Ulipokuwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa unakuja mwenyewe kukaa mlangoni, unangoja. Baba yako alikuwa akikusifia hilo. Mie nilikuwa nasema litakuja kumtesa.

Kwa hiyo huji kukaa mlangoni. Yuliana sasa ni mtu kati ya watu. Hilo limeshawekwa mahali pake, na mie ndiye niliyelikalia juu, na sitanyanyuka.

Nafunga siku tatu hizi. Majirani nimewaambia ni zile sita za Shawali. Wanaojua kafara ya kiapo ni siku ngapi hawajaniuliza. Mwili si mbaya. Usiku huwa nakaa na mdomo wazi kama mtu anayetaka kuanza wimbo, kisha nakumbuka sina wa kumwongoza, nafumba.

Jambo moja nitakuuliza, si kwamba nimesikia popote, nauliza tu kama mtu anavyouliza. Hivi kwa fundi kama wewe, anayejua, ile sauti ya mama yako ilikuwa kweli nzuri? Usinijibu.

Uandike kila mwezi. Andika baridi, andika chakula, andika yule mzee wa kengele na baiskeli yake. Barua zako huwa zinasomwa na watu wengi hapa, kwa hiyo andika zinazosomeka. Ukioa huko, mwambie mkeo mkwewe anampenda, na asijifunze Kimakonde.

Nitumie picha moja umevaa koti, umesimama karibu na mashine, uso umeutazamisha mbele. Nitaitundika mahali watu wanapoingilia. Nyuma yake usiandike kitu.

Mama yako,
Mauwa binti Likonde